Duara la Kijani Chini ya Bibi Chechemea

Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Eliseo Catrilef hakuisukuma kwa nguvu. Alikuwa anakwangua kuvu tu kwenye unyayo wa ile sanamu ya chuma, apate kupaka duara lake la kijani vizuri, na ncha ikaingia kwenye chuma kama inaingia kwenye mkate wa jana. Alipoichomoa, yakafuata maji. Maji meusi, mazito, yenye harufu ya kitu kilichosahauliwa chunguni. Yalitiririka juu ya rangi mbichi, yakaendelea kutiririka, wala hayakuonyesha dalili ya kwisha.

Eliseo alikuwa na miaka sitini na tatu. Thelathini kati ya hiyo alikuwa ameitumia kuchomelea, kupaka na kuziba kila kinachovunjika katika chuo kile kikubwa cha Valdivia, mji wa kusini mwa Chile ambako mvua hunyesha kana kwamba inalipwa mshahara. Hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Lakini asubuhi ile ya Jumanne alibaki amepiga magoti, kidole gumba kimeziba tundu. Alijua papo hapo maji yale yaliingiaje, yamekaa humo miaka mingapi, na ni nani aliyeyafungia.

Ni yeye mwenyewe.

Jina la sanamu kwenye kibao lilikuwa "Mvua ya Tatu", na hakuna mtu aliyewahi kulitumia. Ilikuwa miguu mitatu ya chuma, tupu ndani, mirefu kupita nyumba ya ghorofa tatu, imeinamiana na kukutana vichwa huko juu kama watu watatu wanaosengenya. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, umesimamishwa juu ya mwinuko, ndiyo maana wanafunzi wakaiita Bibi Chechemea. Chuma chake ni kile kinachoachwa kiote kutu makusudi, kwa kuwa kutu ya juu ndiyo ngozi inayokilinda. Kinataka jambo moja tu, kipate kukauka. Kwa hiyo aliyeibuni aliacha matundu mawili ya ukubwa wa kidole chini ya kila mguu, ili maji yanayopenya juu yatokee chini.

Miaka sita nyuma, mwishoni mwa kiangazi, nyigu wa manjano walijenga humo. Wakamuuma msichana wa mwaka wa kwanza mpaka uso ukamvimba, akabebwa na gari la wagonjwa. Eliseo aliambiwa apulize dawa, akapuliza. Kisha, kwa akili zake mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, akaleta mashine ya kuchomelea akayaziba matundu yote sita, akayasaga mpaka usingejua kama yaliwahi kuwepo. Nyigu hawakurudi. Kwenye karamu ya mwisho wa mwaka alipigiwa makofi na kupewa chupa ya divai, naye akainywa kwa fahari. Kipande cha wavu tu kingetosha!

Sasa aliugonga mguu kwa mpini wa bisibisi, akipanda juu kidogo kidogo. Ulipaswa kulia kama kengele. Badala yake ulitoa mlio wa pipa lililojaa, mpaka pale mkono wake ulipoishia. Akaenda mguu wa pili, vilevile. Wa tatu hakuugonga, hakuwa na moyo.

Na bado chuma hakikuwa hofu yake. Chuma kingeweza kuanguka Jumapili ya upepo, hakuna mtu, yakaisha. Hofu yake ilikuwa duara alilokuwa anapaka. Nchi ile ardhi inacheza, na kila jengo lina mahali pake pa kukimbilia: uwanja wazi, mbali na vioo na kuta. Wakubwa wa chuo walikuwa wamechagua uwanja wa Bibi Chechemea, kwa kuwa ni mpana na kwa kuwa, walisema, chuma hakianguki. Duara la kijani, na katikati maandishi meupe: MAHALI SALAMA. Alhamisi, siku mbili tu mbele, kulikuwa na zoezi la kujiokoa la mkoa mzima, na watu mia nne wangesimama pale wakitazamana. Mmoja wao angekuwa Yasna.

Yasna ni bintiye wa pekee, mwaka wa tatu, anasomea misitu. Mama yake alikufa mtoto akiwa bado ananyonya. Usiku wa tetemeko kubwa la 2010 Eliseo alikuwa mbali kwa kibarua cha likizo. Simu zikafa, madaraja yakakatika, na ilimchukua siku tatu kufika nyumbani na kumkuta mwanawe wa miaka minane kwa watu asiowajua, hasemi. Tangu hapo nyumba yao ilikuwa na sheria moja. Ikicheza, nenda mahali petu, na usibanduke hapo hata aje rais wa nchi kukubeba, mpaka unione mimi kwa macho yako. Mahali penyewe palibadilika kadiri mtoto alivyokua: mti wa shule, kisha geti la kanisa. Tangu aingie chuo, mahali petu ni kwa Bibi Chechemea. Eliseo mwenyewe alimpeleka, akamwonyesha, akamwapisha.

Alichonga kijiti, akakizungushia kitambaa, akakigongomea kwenye tundu. Akapaka rangi juu yake. Kisha akaenda kwa mkuu wa majengo.

Don Waldo Oettinger alikuwa mhandisi, mtu mnene wa mashavu mekundu, si mbaya, ila alipenda kumchekesha katibu wake, Sonia.

"Mkuu," alisema Eliseo, "Bibi Chechemea ana kutu."

Don Waldo aliweka kikombe chini polepole. "Ana kutu. Umesikia, Sonia? Don Eliseo amegundua ana kutu." Akaegemea kiti. "Mzee wangu, yule ni kutu mwanzo mwisho! Tulilipia kutu. Ukimwondolea kutu anabaki na nini, mifupa?"

"Nasema kutu ya ndani, mkuu."

"Ya ndani umeionaje? Siku hizi unapiga picha za kifua?"

Katibu alicheka mpaka akafuta macho. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Maneno yenyewe ni mawili tu: niliyaziba matundu. Mhandisi angeelewa kabla hujamaliza. Lakini angeuliza pia nani alikutuma, na baada ya hapo ni barua, na kamati, na wenye sanaa yao na mawakili wao. Kustaafu kulikuwa kumebaki mwaka mmoja na nusu, na Yasna alisoma pale kwa sababu ni mtoto wa mfanyakazi.

"Sauti yake si nzuri," alisema Eliseo.

"Basi tumtoe kwaya." Don Waldo alisimama, akampiga bega kwa upole, na upole ule ulimuuma zaidi ya dhihaka. "Sikiliza. Alhamisi ipite, wapiga picha na wakuu waje waende. Ijumaa asubuhi tutamwangalia, mimi na wewe, kwa ngazi. Sawa? Nenda kamalizie duara."

Mchana Yasna alimkuta nyasini, ameketi mbali na sanamu kuliko kawaida. Alileta maandazi ya boga ya moto na chupa ya chai. Rafiki yake Maite alikuwa naye, msichana mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Mama Nolfa, mfagiaji, alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, kwenye unyayo wa mguu mfupi, anajikanda magoti.

"Don Eliseo kanisusa leo," alisema mama Nolfa. "Mnaona alivyokaa kule? Nimeoga, jamani."

"Anaogopa utataka kumkanda na yeye, mama," alisema Maite.

"Magoti yake hayo? Hayo ya kuchomelea tu!"

Walicheka wote. Eliseo alijaribu kucheka, akaendelea kumega andazi lake. Kutoka alipoketi aliiona ile alama ndogo ya kijiti, shubiri mbili tu kutoka kwenye kiuno cha mama Nolfa, na chini yake rangi ilikuwa imeanza kutoa malengelenge. Alingoja Maite aondoke kutupa makopo, akamvuta binti yake karibu.

"Mwanangu, mahali petu pamebadilika. Kuanzia leo ikicheza nenda langoni, kwenye kibanda cha mlinzi."

"Kwa nini?"

Alimtazama usoni. Msichana huyu aliwahi kuwaambia wenzake wote, yeye akisikia, kwamba chuoni hakuna kitu kinachosimama bila baba yake.

"Napaka rangi," alisema. "Ni mbichi. Utaharibu viatu."

"Baba! Dunia inapasuka na wewe unawaza viatu vyangu?" Alicheka, akambusu kipara. "Haya, langoni. Rangi inakauka lini?"

"Kesho," alijibu Eliseo, bila kufikiri, kwa kuwa yeye ni fundi na rangi ile kweli hukauka siku moja.

Yasna akaanza kukusanya vitu vyake aende darasani. Maite akapita akimpungia mzee mkono. Mama Nolfa aliinuka kwa kujikongoja, akamwambia tutaonana kesho, mzee, hapa hapa. Eliseo akasema tutaonana. Alijiambia ni mpaka Ijumaa tu. Miaka sita imesimama, itashindwa siku tatu? Usiku kucha alijiambia hivyo, na kila gari kubwa lilipopita barabarani na dirisha likatikisika, aliketi kitandani, jasho linamtoka.

Jumatano alifika kabla ya wote, akaizungushia sanamu utepe wa rangi nyekundu na nyeupe. Saa tatu simu ikaita.

"Nani kanifungia zawadi ya Krismasi pale uwanjani?" Don Waldo safari hii hakuwa anatania. "Wapiga picha wako njiani kuja kukagua uwanja, don Eliseo. Ondoa huo utepe. Halafu nenda kwenye kitalu cha miche, geti limeng'oka bawaba."

Akauondoa kwa mikono yake mwenyewe, akaukunja, akautia mfukoni. Kijiti kilikuwa kimelowa na kuvimba. Akaenda kwenye geti.

Saa nne na dakika ishirini mbwa wa kitalu akaacha kubweka. Eliseo aliinua kinyago cha kuchomelea. Kwanza vioo vya kitalu vikaanza kuchezacheza, taratibu, na vijana wawili wa kitaluni wakaendelea kujaza udongo kwenye vikopo, maana mtu wa kule hainuki kwa mtikisiko mdogo. Kuinuka ni aibu, ni mambo ya wageni. Kisha ukaja mvumo kutoka chini, na ardhi ikavutwa upande. Geti likamtoka mkononi. Akaanguka, akashika nguzo, akaona miti ya bustani ikipepesuka pasipo upepo, na ikaendelea, ikaendelea, mpaka akaanza kupiga kelele bila kujisikia.

Ilipotulia kulikuwa na ukimya wa kuogofya. Halafu king'ora kikalia, milango ikafunguka, na Eliseo akaanza kukimbia.

Hakuwa amekimbia tangu ujana. Alikimbia na aproni ya ngozi inayompiga mapajani, kinyago kimemning'inia shingoni. Langoni, alijiambia, atakuwa langoni, nilimwambia langoni. Akapinda njia apitie huko kwanza. Mlinzi alikuwa amesimama peke yake nje ya kibanda.

"Yasna wangu?"

"Sijamwona, don Eliseo. Watu wote wako kwenye duara."

Akageuka, akakimbia tena, pumzi zinakata, anamwita mtoto kwa jina ingawa hakuna wa kumsikia.

Watu mia nne walikuwa kwenye duara, wamejipanga vizuri sana. Wengine walikuwa wanapiga simu, wengine wanacheka kicheko cha kujikaza, wengine wanalia. Juu yao Bibi Chechemea alikuwa amesogea. Si sana, upana wa kiganja, labda viwili. Aliyemzoea tu ndiye angeliona. Kile kijiti kilikuwa kimeruka, na maji meusi yakitoka kwa nguvu miguuni mwa mama Nolfa, ambaye aliketi palepale, anayashangaa. Na juu ya unyayo wa chuma, amepanda ili aonekane vizuri, alisimama Yasna.

"Baba! Huku!" Alipunga mikono yote miwili. "Imekauka!"

"Tokeni!" alipiga kelele Eliseo. "Tokeni hapo! Wote!"

Waligeuka, wakamtazama kwa huruma. "Mpeni mzee maji," alisema mtu. Tangu wakiwa shule ya vidudu walifundishwa kwamba anayetoka mahali salama ndiye anayekufa, na sasa babu mwenye aproni alikuwa anawaambia watoke.

Don Waldo alikuwa katikati, kizibao cha njano kimembana, kipaza sauti mdomoni. "Hakuna anayeondoka! Itarudi tena, tulieni ndani ya duara! Don Eliseo, ingia ndani ya duara!"

Eliseo alipita kwa viwiko mpaka kwake, akakinyakua kipaza sauti. Akakisogeza mdomoni mpaka kikamgonga meno.

"Niliyaziba matundu," alisema, na sauti yake ikaenda mpaka maktaba, ikarudi. "Mimi. Miaka sita. Matundu ya chini, niliyachomelea. Amejaa maji. Ameoza ndani."

Don Waldo alimkodolea macho. Wekundu ulimtoka mashavuni, watu wakauona unavyotoka.

"Yote?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yote sita, mkuu."

Mhandisi hakuuliza la pili. "Tokeni!" alinguruma, bila kipaza sauti. "Mtoni! Wote kuelekea mtoni! Kimbieni!"

Hapo wakamwamini. Duara likapasuka, watu wakamiminika nyasini, wanasukumana, viatu vinabaki. Yasna peke yake hakushuka. Alishikilia chuma kwa mkono mmoja huku wenzake wakimpita, macho yake kwa baba yake, anamngoja afike. Hivyo ndivyo alivyofunzwa. Eliseo alikwenda kinyume na watu wote, wakimgonga kwa vifua na mabega, na alipomfikia alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu hata msichana akalia.

"Mama Nolfa," alisema Yasna. "Baba, magoti yake!"

Wakamwinua kati yao, mmoja kwapa hili, mmoja lile. Walikuwa wamevuka ukingo wa kijani ardhi ilipocheza mara ya pili. Haikuwa kubwa. Nyuma yao kukatoka mlio mrefu, wa chini, na mama Nolfa akaanza kumtaja Mungu. Hawakugeuka. Mguu mfupi ndio ulioanza, walisema walioona; ulikunjika chini kama soksi, na ile miwili ikaufuata taratibu, bila haraka yoyote, ikalala juu ya maandishi meupe. Pigo lake liliwaangusha wote watatu. Kisha maji ya miaka sita yakaja nyasini, ya baridi, yakawalowesha mpaka viwikoni.

Hakuna aliyekufa. Watu walihesabiana, wakahesabiana tena, wakakumbatiana. Maite alikuja akipiga mayowe. Don Waldo aliketi chini na kizibao chake, kichwa mikononi. Yasna alimng'ang'ania baba yake kiunoni, analia na kucheka, anamwambia nilijua utakuja, nilijua tu. Eliseo alimshika kichwa, akanusa nywele zake, na kwa muda mfupi hakuwa na hofu yoyote duniani.

Kisha akahisi mikono ya binti yake ikilegea kiunoni.

"Baba," alisema Yasna kifuani pake. "Ile rangi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Jana ulijua." Haikuwa swali. Alijitoa taratibu ili amwone uso. "Ulijua, ukanihamisha mimi. Mama Nolfa alikuwa amekaa palepale, na Maite, unacheka nao, unakula andazi. Ukamwambia mama Nolfa tutaonana kesho."

Kulikuwa na kustaafu, kulikuwa na ada, kulikuwa na ile chupa ya divai. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kutamkwa.

"Niliogopa," alisema Eliseo.

"Hata mimi niliogopa," alisema Yasna. "Nilisimama pale kwa sababu wewe ulisema."

Eliseo alikuwa amemshika tena kifundo cha mkono, palepale penye alama nyekundu za vidole vyake. Yasna alivibandua vidole vile kimoja kimoja, bila hasira. Akavuka majani yaliyolowa mpaka kwa mama Nolfa, akapiga magoti matopeni, akaanza kumkanda.

Baada ya muda ardhi ikacheza tena, kidogo tu. Uwanja mzima ukainua vichwa, kila mtu akaangaza kumtafuta wake. Eliseo naye aliangaza, akamwona. Yasna alikuwa amemkumbatia mama Nolfa kwa mikono miwili, macho ameyafumba, wala hakuyafumbua kumtafuta.